Sakafu ya Masatu Yapigwa Upya

Masatu alikuwa fundi cherehani pale Nyakato, Musoma. Alishona barazani, na nyuma ya baraza ilikuwa sebule yake. Sakafu ya sebule hiyo ilimwagwa mwaka aliozaliwa binti yake, Esta. Sasa Esta alikuwa amechumbiwa, na sakafu ilikuwa imechakaa. Ilitoa vumbi. Ilikuwa na mashimo. Kila asubuhi Dorotea, mke wa Masatu, aliifagia, na kila alipomaliza alizoa mchanga.

"Baba Esta," alisema siku moja, "mimi siifagii tena hii sakafu. Naihamisha kidogo kidogo."

Masatu alicheka tu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Jumapili moja wakaja wakwe kutoka Butiama kuzungumza habari za ndoa. Mzee Keraryo, baba wa mchumba, alikuwa mtu mzito mwenye heshima zake. Alipewa kiti kizuri kuliko vyote. Akaketi, akapokea chai, akakohoa kidogo, akaanza.

"Ndugu zangu, sisi tumefika hapa kwa nia ya..."

Mguu wa kiti ukazama shimoni. Mzee Keraryo akaenda chini na kiti chake, na chai yote ikammwagikia kifuani.

Hakuna aliyecheka. Esta alikimbilia jikoni huku ameuma khanga yake. Masatu alitamani lile shimo liwe kubwa zaidi, limmeze na yeye.

"Si kitu," alisema Mzee Keraryo akijipangusa. "Tutarudi baada ya wiki tatu tumalize mazungumzo."

Alipotoka alikanyaga taratibu, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Siku ya tatu Dorotea alirudi kutoka sokoni amenuna.

"Unajua shangazi wa mchumba anasema nini huko? Anasema hawezi kurudi kwenye nyumba inayovunja wazee viuno."

Esta akaanza kulia. Masatu akasimama.

"Basi naivunja sakafu yote! Namwaga mpya!"

Ulikuwa mwaka 1984. Sabuni ilikuwa ya foleni. Sukari ilikuwa ya foleni. Saruji hata foleni yake haikujulikana ilipo. Masatu alikuwa na mifuko miwili tu, aliyoipata kwa kibali baada ya kuandika barua miezi minne. Dorotea aliitunza mifuko hiyo juu ya mbao, mbali na ukuta, isinyonye unyevu ikaganda. Wageni wengine waliisalimia mifuko kwanza, halafu wenyeji.

Kesho yake Masatu aliazima nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Akavua shati, akatema mate viganjani, akapiga karibu na mlango. Nyundo ikaruka kama mpira, ikamvuta nyuma, na kisigino chake kikapasua mtungi wa maji. Akapiga tena. Na tena. Baada ya saa nzima alikuwa amevunja sehemu ndogo yenye upana wa sinia.

Wakati huo akafika Florian. Florian alikuwa fundi mwashi aliyejenga Bunda na Musoma kwa miaka mingi. Alikuja kuchukua suruali yake. Alikuta fundi cherehani amekaa chini, ameloa jasho na maji ya mtungi.

"Mzee Masatu, unapigana na nani?"

"Na sakafu. Navunja yote nimwage mpya."

"Kwa saruji gani?"

Masatu akaonyesha ile mifuko miwili. Florian akaitazama kwa huruma.

"Sakafu mpya ya chumba hiki inakula mifuko sita au saba, na kokoto juu yake. Ukiivunja hii utabaki na kifusi. Wakwe utawakaribisha kwenye kifusi?"

Florian akachukua nyundo ndogo, akapiga magoti, akaanza kugonga sakafu polepole. Ko. Ko. Ko.

"Sikia. Sauti hii ni kavu, imeshiba. Hapa zege ni zima. Limechakaa juu tu."

Akasogea kwenye lile shimo la mguu wa kiti. Bo. Bo.

"Na hapa?"

"Panalia kama debe tupu," alisema Masatu.

"Hapo tabaka la juu limeachana na la chini. Hapo ndipo pa kuondoa. Sasa ile ya mlangoni uliyoivunja, nyundo haikuruka?"

"Iliruka."

"Ilikuwa inakwambia ni nzima, mzee. Hukusikia."

Dorotea, aliyekuwa anaokota vigae vya mtungi wake, akakohoa kwa nguvu.

"Lakini fundi," Masatu alisema, "kupaka juu ya kuukuu si kuficha aibu? Nataka kitu kipya."

Florian akanyoosha suruali yake iliyokuwa juu ya cherehani. "Hii umeifanyaje?"

"Nimeweka kiraka matakoni. Na shati lako nimeligeuza kola."

"Mbona hukunishonea suruali mpya?"

"Kitambaa kiko wapi? Halafu miguu yote ni mizima, ni matako tu yalikuwa yame..." Masatu akaitazama sakafu.

Dorotea akaacha vigae, akacheka mpaka akakaa chini. Masatu naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo.

"Kuna sakafu ya kuvunja," Florian aliendelea. "Ikiwa udongo wa chini unadidimia, au nyufa zimepasua zege toka juu mpaka chini na upande mmoja umeshuka, usihangaike kupaka. Vunja. Hii yako haijafika huko."

Kazi ikaanza siku iliyofuata. Kwanza waliondoa kila sehemu iliyolia bo. Kisha Florian akampa Masatu patasi.

"Chokoachokoa sakafu yote iwe na makwaruzo. Saruji mpya haishiki kwenye uso laini, wala kwenye vumbi, wala kwenye mafuta."

Masatu alichokoa siku mbili. Dorotea na Esta walifagia, wakasugua kwa brashi ya waya, wakaosha, wakafagia tena. Mchanga ulichotwa ufukweni. Florian akaukamua kiganjani, mkono ukabaki na tope.

"Uoshwe," alisema. "Tope linazuia saruji isishike."

Wakauosha.

Siku ya kupiga, walilowesha sakafu ya zamani mpaka ikashiba, wakafuta maji yaliyotuama. Florian alikoroga saruji na maji ikawa kama uji, akaipaka kwa brashi sehemu ndogo ndogo. Kabla haijakauka, akatandaza juu yake mchanganyiko: karai moja la saruji kwa makarai matatu ya mchanga. Unene ulikuwa inchi moja, na zaidi penye mashimo.

"Ongeza maji, uwe laini!" alisema Masatu.

"Maji mengi yanaleta nyufa. Wewe shona, niache nipige sakafu."

Akasawazisha kwa ubao mrefu, akasugua kwa kibao, mwisho akapiga nili, yaani akapaka saruji tupu na kuilainisha kwa mwiko. Sakafu ikang'aa.

"Sasa mtu asikanyage kwa siku tatu. Kesho asubuhi nitaanza kuifunika kwa magunia nikiwa juu ya ubao. Mtamwagia maji kila siku kwa siku saba. Saruji ikikauka haraka, inakuwa dhaifu."

Kulipopambazuka Florian alikuta alama ya mguu katikati.

"Ni mbuzi," alisema Masatu haraka.

Dorotea akainama. "Mbuzi gani huyu anayevaa viatu vya katambuga?"

Wote wakaitazama miguu ya Masatu. Alikuwa ameingia kuchukua kofia yake. Florian aliziba alama hiyo, na Masatu akapewa kazi ya kumwagia magunia maji wiki nzima.

Tatizo lilikuwa chumba cha kulala. Mlango wake ulipitia sebuleni. Kwa hiyo familia iliingia na kutoka kwa dirisha. Esta alipita kama samaki. Dorotea alipita kwa kunung'unika. Masatu alipita kwa shida.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alikuwa anatoka. Kichwa na mabega vilipita, tumbo likakwama. Hapo hapo akasikia sauti.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mzee Keraryo. Alikuwa na shughuli mjini, akapita kusalimia.

"Karibu, mkwe," alisema Masatu akining'inia dirishani. "Lakini tafadhali usipite mlangoni."

Mzee Keraryo akakunja uso. "Nimefukuzwa?"

"Hapana, mkwe!"

"Mimi nafungiwa mlango, na mwenye nyumba ananizungumzia dirishani. Kwetu hiyo ina maana yake."

Akageuka kuondoka. Masatu alijitupa mbele kwa nguvu zake zote, akatoka na kipande cha fremu kiunoni, akaangukia majani.

"Mkwe! Njoo uone kwanza!"

Akamfikisha mlangoni, akainua pembe ya gunia. Mzee Keraryo akachungulia. Akatazama sakafu, akatazama fremu iliyokuwa kiunoni kwa Masatu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kicheko alichokizuia Jumapili ile kilimtoka chote, mpaka majirani wakatoka nje. Kisha akaomba kiti, kiwekwe barazani, na akataka aelezwe kazi yote toka mwanzo. Masatu alimweleza kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Florian.

"Nyumbani Butiama kuna sakafu yangu nataka kuivunja," alisema Mzee Keraryo.

"Usiguse!" Masatu alipiga kelele. "Igonge kwanza!"

Wiki tatu zilipotimia, wakwe walirudi, shangazi akiwa mbele. Aliikanyaga sakafu kwa ncha ya mguu, halafu kwa mguu mzima. Akaketi. Mazungumzo yalikwisha kabla ya chakula, na siku ya harusi ikatajwa. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasogeza viti, wakaanza kucheza. Shangazi alikanyaga chini mpaka madirisha yakatetemeka. Hapakuinuka vumbi hata kidogo.

Masatu alisimama mlangoni, macho yameganda kwenye miguu ya shangazi.

"Florian, itahimili kweli?"

"Itahimili, mzee. Ingia ucheze."

Masatu akaingia. Alicheza vibaya kuliko wote, na Esta alicheka mpaka machozi yakamtoka.