Wanawake Wanane na Karatasi ya Meneja

Mwaka 2016, Jael na mumewe Dominic, Wakenya, waliishi chumba cha kupanga mtaa wa Bani Malik, jijini Jeddah, Saudia. Dominic alikuwa fundi umeme. Jael alipima damu katika maabara ya zahanati moja. Kila asubuhi alichangia teksi na mwenzake wa maabara, Lanying, Mchina kutoka Guangzhou.

Siku moja meneja aliwaita wanawake wote wanane wa zahanati. Akawagawia karatasi.

"Tieni sahihi. Mnaahidi kutoshika mimba miaka miwili. Asiyetaka, mkataba wake hauendelei."

"Na wanaume?" Lanying aliuliza.

"Wanaume hawazai. Yalla, kazini!"

Jioni Dominic aliisoma karatasi mara mbili.

"Tumengoja mtoto miaka minne," alisema. "Lakini bila kazi, ikama yako, kibali cha kuishi hapa, itafutwa. Watakurudisha Kenya."

Jael alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

Asubuhi, ndani ya teksi, alimwuliza Lanying, "Wewe utatia sahihi?"

"Kwetu nilitia sahihi karatasi kama hii. Kisha nikapata mimba. Nikaificha. Nikabeba maboksi mazito ili wasinishuku. Mimba ikatoka."

"Pole sana, dada."

"Nilidhani kosa ni langu. Halafu nikakutana na wanawake wenzangu. Mmoja aliulizwa kwenye usaili atazaa lini. Mwingine alinyimwa cheo, akapewa mwanamume ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kazi. Tulikutana kila Jumapili kuzungumzia haki zetu. Huko nilijifunza: usitie sahihi kwa woga. Soma mkataba wako. Dai majibu ya maandishi. Na usiende peke yako."

Mchana waliwaita wenzao, wakasoma mikataba yao, mstari kwa mstari. Marufuku ya mimba haikuwemo. Likizo ya uzazi ilikuwemo. Waliandika barua fupi ya kudai jibu la maandishi. Jerusha, mfanyakazi wa usafi, alitangulia kuitia sahihi. Wengine wakafuata. Wote wanane wakaingia ofisini.

"Mnagoma?" meneja aliuliza.

"Hapana, bosi," Jael alijibu. "Tunaomba utuandikie kwamba zahanati inakataza mimba. Uweke na mhuri."

Meneja aliwatazama mmoja mmoja.

"Nirudishieni zile karatasi nilizowagawia," alisema mwishowe. "Halas, yameisha."

Mwezi uliofuata, mikataba yote minane iliendelea.

Kabla miaka miwili haijaisha, Jael alijifungua binti. Jael akiwa likizo ya uzazi, Lanying alimpigia simu.

"Meneja anauliza utarudi lini."

"Mwambie asome mkataba," Jael alijibu, mtoto akinyonya.