Vumbi Lisiingie

Asubuhi Mshonaji aliyafungua madirisha ya chumba cha binti yake. Alipoingia tena kabla ya mchana na nguo zilizopigwa pasi, akayakuta yamefungwa. Haikuwa kazi ya upepo. Makomeo yalikuwa yameshushwa mpaka mwisho, na kila mwanya wa fremu ulikuwa umezibwa kwa vipande vya gazeti vilivyonyooka vizuri, kingo zake zimepigwa gundi na mkono wa mtu asiye na haraka.

Alivibandua, akafungua, akarudi kwenye cherehani yake. Mumewe aliporudi jioni na kukaa kula, Mshonaji akamuuliza.

"Baba Chiriku, umeziba madirisha ya mtoto kwa nini?"

"Mimi? Mimi nimeshinda karakana, vumbi la mbao limenijaa mpaka kwenye kope." Fundi akacheka. "Labda madirisha yako yamechoka kukaa wazi." Kisha akaacha kutafuna. "Gundi gani imetumika?"

"Ya mbao."

Fundi akasukuma sahani yake. Akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Kesho yake madirisha yalizibwa tena, na safari hii kulikuwa na harufu. Vanishi mbichi. Ilitoka kwenye kabati la nguo lililosimama ukutani, kabati lililokwisha kukauka tangu msimu uliopita. Mshonaji aligusa mlango wake. Ukanata. Alipoondoa kidole, alama yake ilibaki pale kama muhuri.

Sasa, vanishi haikauki kama shati. Shati likikauka, maji yanakwenda zake na hayamdhuru mtu. Vanishi ikikauka inatoa mvuke mkali, na mbao za kubandika, zile za tabaka zilizoshikanishwa kwa gundi, nazo hutoa mvuke wa gundi hiyo, polepole, hasa chumba kikipata joto. Mvuke huo hauonekani na hauna miguu. Dirisha likiwa wazi, hewa mpya huubeba ukaenda. Dirisha likifungwa, unabaki ndani pamoja nawe, unaingia kifuani mwako kila unapovuta pumzi, na wewe unadhani ni uchovu tu. Mafundi wanalijua jambo hili. Lakini wanajua na jambo lingine: chembe moja ya vumbi ikitua juu ya vanishi mbichi, kazi yote imeharibika, ni kuanza upya na msasa. Basi wengi huchagua kufunga.

Kabati lile lilikuwa kazi ya mwisho ya mdogo wake Mshonaji. Mama yao alifariki akiwa amemwacha mchanga, na ni Mshonaji aliyembeba mgongoni mpaka akasimama. Walimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba. Alipokua, Fundi akamchukua karakana, akamfundisha kupaka rangi na vanishi. Siku moja Fundi alirudi nyumbani akilia: shemeji yake alikuwa ameanguka kazini, moyo umesimama, kazi ya Mungu haina makosa. Baada ya matanga, kabati likaletwa nyumbani. "Liwe la Chiriku," alisema Fundi. "Ukumbusho wa mjomba wake."

Chiriku alikuwa darasa la kwanza. Jina hilo alipewa kwa mdomo wake, maana alianza kusema kabla hajafumbua macho. Wiki ile akapungukiwa na maneno. Alirudi kutoka shule akilalamika kichwa, macho mekundu kama aliyekata vitunguu, na damu ikamtoka puani juu ya daftari lake la hesabu. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza wanaishi katika nyumba ya namna gani.

"Mtoeni kwenye chumba hicho," alisema. "Kabati litoeni pia. Na apate hewa."

Walilisukuma kabati. Halikusogea hata unywele, Fundi na majirani wawili wenye mabega. Basi wakamhamisha mtoto sebuleni. Mchana wake, madirisha ya sebule yakazibwa kwa gazeti. Wakamhamishia chumbani kwao, na huko nako harufu ikamfuata, ikawa nzito kiasi kwamba mijusi wa ukutani walianza kuanguka, mmoja juu ya kitanda, mwingine ndani ya kikombe cha maji, wamekauka, midomo wazi.

"Chiriku," mama yake alimnong'oneza, "umemwona anayefunga?"

"Si ni mjomba."

"Mjomba gani, mwanangu?"

"Mjomba Kitinda. Anakuja nikitoka shule. Ana gundi kwenye vidole." Mtoto akakohoa. "Nimemwambia nasikia joto. Akasema nivumilie, vumbi lisiingie."

Mshonaji alimvuta mtoto karibu. Mtoto huyo hakuwahi kukanyaga karakana. Na maneno yale hayakuwa ya Kitinda. Yalikuwa ya Fundi, wimbo wake wa kila siku kwa vijana wake wa kazi.

Fundi alileta mganga, mtu mnene mwenye mkoba na majivuno. Aliagiza kila mlango na kila dirisha vifungwe. "Jini ni kama panya," alisema. "Ukimwachia tundu, anahamia kwa jirani, halafu jirani ananilaumu mimi." Akawasha makaa katikati ya chumba cha mtoto, akatia uvumba, akaanza kusoma. Moshi ulijaa mpaka dari halikuonekana. Mshonaji, aliyesimama mlangoni, alisikia mtu akicheka ndani ya kabati, kicheko cha taratibu cha mtu aliyeletewa kuni wakati anapika, na sauti ya mganga ikawa nyembamba, ikakatika, ikaanza tena kwa neno lisilo lake, kisha akamwona akija kwa magoti na viganja, kilemba kimemvuka, ute ukimtoka, akipapasa kizingiti kama kipofu.

Walimtoa uani, na Chiriku akawafuata. Alipopata pumzi alimtazama Fundi, si Mshonaji.

"Huyu simfukuzi mimi. Huyu hakutumwa na mtu, amejituma. Na wewe unajua kwa nini." Akaondoka, mkoba akauacha.

"Unajua nini?" aliuliza Mshonaji.

"Mganga njaa yule, anatafuta..."

"Baba Chiriku. Mdogo wangu alikufaje?"

Fundi alikaa chini, palepale kwenye saruji. Alisema bila kuinua uso. Kitinda alikuwa kwenye chumba cha kukaushia, anapaka mkono wa mwisho wa vanishi kwenye kabati lile. Vijana walikuwa wakiingia na kutoka, wanatimua vumbi. Kwa hiyo yeye Fundi akaziba mianya, akatia kufuli kwa nje.

"Alibisha mlango?"

Fundi alikuna saruji kwa ukucha.

"Nakuuliza, alibisha?"

"Alibisha. Nikamwambia avumilie, mwanamume hafi kwa harufu. Nikaenda kula. Niliporudi alikuwa ameingia ndani ya kabati. Nadhani alikuwa anatafuta hewa."

Mshonaji hakupiga kelele. Alikuwa amefungua kinywa apige, ndipo mlango wa chumba cha mtoto ulipojibamiza, na wote wawili wakaona kwa wakati mmoja kwamba Chiriku hayupo tena pale uani.

Walikimbia. Mlango ulikuwa umeshikamana na fremu yake kama ubao mmoja, gundi inatiririka kwenye mwanya, na chini yake harufu ilikuwa ikitambaa nje, ile ya vanishi na ya uvumba na ya makaa, na ndani mtoto alikuwa akiita mama, mama, kila mara kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza, na Fundi akajitupa mlangoni kwa bega, akajitupa tena, mpaka bega likalia, na mlango haukutikisika.

"Dada," ilisema sauti, karibu sana, kwenye tundu la ufunguo. "Usihangaike. Alinikata pumzi yangu. Nami nakata yake."

Mshonaji alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu lile.

"Kitinda. Nilikubeba mgongoni wewe."

"Nakumbuka."

"Huyo unayemkata ni damu yangu. Ni damu yako. Baba yake yuko hapa, mzima, anapumua. Umemwacha mwenye kosa ukashika mtoto?"

Gundi ikaacha kutiririka. Kisha mlango ukalegea, ukafunguka kiasi cha mtu kupita kwa ubavu.

Fundi aliingia. Mpeni haki yake: hakusita. Alipotelea kwenye moshi, akarudi amembeba binti yake, uso wa mtoto umekuwa wa kijivu, akampitisha mlangoni mikononi mwa mama. Yeye mwenyewe alikuwa bado ndani mlango ulipoanza kurudi.

"Shika mlango!" alisema. "Mama Chiriku, shika!"

Kitasa kilikuwa mkononi mwa Mshonaji, mtoto begani. Hakikuvutwa na mtu, hakikuwa kizito. Kilikuwa chepesi kama kitasa chochote cha nyumba yoyote. Alimtazama mumewe machoni, naye akamtazama, na akaelewa, maana alianza kutikisa kichwa.

Mshonaji akaachia.

Alimpeleka mtoto uani, mahali penye upepo, akamketisha kwenye mapaja, akamlegeza kola. Chiriku alikohoa, akatapika, akakohoa tena. Rangi ikaanza kumrudia kwenye midomo. Huko ndani kulikuwa na kishindo, kisha kingine, viganja juu ya mbao.

"Mama, baba anabisha."

"Nasikia."

"Mbona humfungulii?"

Mshonaji alimfuta jasho kwenye paji la uso, akamgeuza uso kuelekea upepo unakotoka.

"Vuta pumzi, mwanangu," alisema kwa upole. "Haya. Vuta na nyingine."