Hedifoni ya Sabina na Usingizi wa Baba

Kila asubuhi Yeremia alirudi nyumbani Mabatini akinuka samaki. Alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha minofu ya sangara. Alioga, akanywa uji, akaingia chumbani kulala. Mkewe, Getruda, alibaki kibarazani akichambua dagaa.

Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule. Ukuta wa katikati haukufika kwenye bati. Mtu akikohoa sebuleni, wa chumbani anamsikia.

Sebuleni alikaa Sabina, binti yao wa miaka kumi na miwili. Aliteleza kwenye majabali akavunjika mguu, na sasa plasta ilimpanda mpaka juu ya goti. Daktari alisema akae ndani wiki kumi. Baba yake mdogo, Shigela wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, alimhurumia. Akamletea mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni. Tangu siku hiyo Sabina aliacha kulia, ila mashine ndiyo ikaanza kulia. Piu, piu, piu, kutwa nzima.

Jumatano Yeremia alitoka chumbani macho mekundu. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Jana usiku kisu kilinipitia," alisema. "Nilisinzia nimesimama. Msimamizi kaniambia nikirudia tena, nitafute kazi nyingine."

"Sabina, zima sauti," Getruda alisema.

"Mama, nikizima simsikii adui akija kwa nyuma. Nakufa tu."

"Nitakayekufa ni mimi," alisema Yeremia. "Jumamosi mashine inavuka na feri ya saa nane. Inarudi kwa Shigela."

Sabina aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Getruda aliwatazama wote wawili. Mume bila usingizi atapoteza kazi. Mtoto bila mchezo atarudi kulia. Alifunga kanga akaenda sokoni.

Siku hizi madukani vitu vimejaa. Zamani shida ilikuwa kupata; sasa shida ni kuchagua. Katika duka la Masalu zilining'inia hedifoni za kila aina. Hedifoni ni vile vikombe viwili vya kuvaa masikioni, sauti anaisikia aliyevaa tu. Getruda alizipima mkononi moja moja. Akachukua nzito kuliko zote, yenye maandishi ya dhahabu.

Nyumbani furaha haikudumu. Waya ulikuwa mfupi. Sabina alilazimika kusogea mpaka pua ikakaribia kioo, mguu wa plasta ukining'inia. Tena sikio la kushoto lilisikia, la kulia kimya.

Getruda alirudi dukani mbio.

"Masalu, umeniuzia mzoga."

Masalu aliichomeka hedifoni kwenye redio yake, akamvisha. Muziki ulijaa masikio yote mawili.

"Haya, mama. Mzoga unaimba?"

Wateja walicheka. Getruda aliondoka bila kuaga. Alipofika mtaani, alipita kwa jirani yake Owuor, fundi wa redio.

"Mama Sabina, mbona uso umeukunja hivyo?"

"Fundi, kitu hiki dukani kizima, kwangu kibovu. Nimerogwa?"

Owuor aliipokea, mkono ukashuka.

"Ulikuwa unanunua hedifoni au sangara?"

"Nilidhani kizito ndicho imara."

"Kizito kinamchosha mtoto shingo. Twende tuione televisheni yako. Ulipaswa kuanzia hapo, si dukani."

Owuor aliinama mbele ya televisheni, akaonyesha tundu dogo.

"Sasa tazama pini, hiki chuma cha mwisho wa waya. Ina miviringo mingapi myeusi?"

"Miwili," Sabina aliwahi.

"Hiyo ni ya kupokea sauti mbili, moja kila sikio. Redio ya Masalu inatoa sauti mbili. Televisheni yenu ya zamani inatoa moja, ndiyo maana sikio la pili halipati kitu. Tafuteni pini nyembamba kama hii, yenye mviringo mmoja. Hedifoni za namna hiyo zinapeleka sauti ileile kwenye masikio yote."

"Na nikiikosa?"

"Niletee hii hii, nitaunga kipande cha katikati cha kugawa sauti. Lakini waya utabaki mfupi."

Getruda alichukua kamba, akapima kutoka kwenye tundu mpaka kwenye mto wa Sabina. Akaongeza hatua moja, mtoto aweze kujigeuza.

"Ukiwa dukani, ivae," Owuor aliendelea. "Sikiliza kwa masikio yote. Tikisa waya karibu na pini na karibu na vikombe. Sauti ikikatika, rudisha. Maandishi ya dhahabu hayasikiki."

Masalu alipomwona Getruda tena, alitabasamu.

"Mama wa mzoga, karibu."

"Nimekuja kubadilisha. Na leo nitakutesa."

Alimtesa kweli. Alihesabu miviringo, akapima waya kwa kamba, akatikisa. Ya kwanza ilikatika sauti, akairudisha. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyepesi, haina urembo wowote, ikapita. Bei yake ilikuwa nusu ya ile ya dhahabu. Masalu alimrudishia tofauti yake, huku akiandika pembeni maneno ya miviringo aliyoyasikia kwake ili awaeleze wateja wengine.

Ijumaa Sabina aliivaa. Pini ilipoingia tunduni, televisheni ilinyamaza. Getruda alisimama hatua moja kutoka kwake akatega sikio.

"Mimi bado naisikia. Basi sauti imezidi kwako. Punguza."

Sabina alipunguza.

"Na kila nusu saa unaivua, masikio yapumzike. Sitarudia."

"Sawa, mama."

Jumamosi Yeremia alirudi, akaoga, akanywa uji.

"Najilaza kidogo tu," alisema. "Kabla ya saa nane niko bandarini."

Sebule ilikuwa kimya. Vidole vya Sabina tu ndivyo vilivyokimbia kwenye vitufe. Getruda alimaliza dagaa, akapika, akaosha vyombo. Hakumwamsha mtu.

Yeremia alitoka mwenyewe, uso umevimba kwa usingizi. Alitazama jua mlangoni.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Feri?"

"Imeshavuka."

Yeremia alimtazama Sabina, ambaye alikuwa akicheka peke yake na hakujua kama baba ameamka.

"Kuna nyingine jioni," Getruda alisema. "Nikufungie mashine?"

Yeremia alipiga mwayo mrefu.

"Achana nayo," alisema. "Nipe chakula. Nina saa mbili zaidi za kulala kabla ya kazi."