Maji Chini ya Dirisha la Ubatizo

Agosti milimani Lebanoni mvua hainyeshi. Basi maji yale ya sakafuni kanisani yalitoka wapi? Warde aliyakausha, akakamua tambara, akageuka: yamerudi palepale chini ya dirisha la vioo vya rangi, ndani ya doa la buluu lililoangushwa na jua la alasiri.

Dirishani alikuwamo Kristo, na ubavuni mwake ilitoka michirizi saba myekundu kwenda kwenye picha za sakramenti saba. Ule wa ubatizo ulipogusa beseni uligeuka buluu. Warde ndiye mfagizi wa kanisa lile tangu usichana, ila tangu amzike Takla hakuinua tena macho kulitazama dirisha.

Takla, kifungua mimba wake, alikufa bila kubatizwa. Kijijini kwao mtoto humngoja baba arudi kutoka ughaibuni, karamu ifane. Baba alikuwa Brazili. Homa nayo haina adabu ya kungoja wageni.

Kesho yake ikaja harufu ya sabuni ya zeituni, ileile aliyomwoshea Takla mara ya mwisho. Kisha sauti ya kichanga anayenyonya, taratibu, karibu kabisa. Maziwa yakamlowesha Warde gauni. Alipokimbilia nyumbani alimkuta Elias, mwanawe wa miezi miwili, akikohoa, na kilichomtoka kinywani kilikuwa maji matupu, ya baridi.

"Mama, tumbatize leo," alimnong'oneza mkwewe, Um Tanus.

"Wee! Baba yake yuko njiani, kondoo tumeshaagiza. Unataka watu watucheke?"

"Takla naye tulimngojesha."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Usimtaje, atasikia."

"Anasikia, mama. Yuko kanisani."

Padri alikuwa mazishini, kijiji cha pili. Warde akamkwapua mtoto na kutoka mbio kwenda kanisani, aliko Takla, bibi kizee nyuma yake akihema na kusali. Mlango wa kanisa ulipofunguka harufu ya sabuni iliwapiga usoni, na kilio chembamba kikaanza juu kwenye vioo, na maji yakasogea sakafuni yakimfuata Warde kila alikorudi nyuma, huku Elias akikakamaa mikononi mwake, midomo ikigeuka buluu kama lile doa, mpaka mama wa watu akainua macho dirishani kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Katika picha ya ubatizo, mkono uliokuwa ukimimina maji haukuwa wa padri. Ulikuwa wa mkunga, nguo imekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Mtoto akiwa anakufa, yeyote aweza kumbatiza. Dirisha lilikuwa likisema hivyo miaka yote.

"Mungu wangu," Warde alilia, "kumbe ningeweza mwenyewe!"

Alipiga magoti, akayachota maji yaleyale ya sakafuni kwa kiganja. "Elias, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mtoto akavuta pumzi, akaangua kilio. Kile cha juu kikanyamaza.

"Na Takla je?" Warde alimuuliza padri aliporudi jioni ile.

Padri aliinamisha kichwa. "Marehemu habatizwi, binti yangu. Tumwachie Mungu."

Baba akaja, kondoo akachinjwa, watu wakala wakashiba. Mpaka leo Warde hupiga deki kanisa zima, ila pale penye buluu hapagusi. Hukaa hapo kidogo, peke yake. Titi la kulia humnyonyesha Elias nyumbani. La kushoto hurudi kutoka kanisani likiwa tupu.