Foleni Mpya ya Bwera

Haya yalimpata rafiki yangu Latif, fundi wa kompyuta wa Kasese, mwaka 2016. Ofisi moja ya uchukuzi huko Bwera ilikuwa na foleni ya mtandaoni, iliyotunza ujumbe wa madereva mpaka bosi auidhinishe. Dereva Yosamu aliugua ndani ya lori karibu na Kikorongo, akaomba msaada. Ujumbe wake ulingoja idhini mpaka akafa. Bosi alikuwa kwenye semina ya huduma ya haraka.

Latif akaitwa kufuta foleni hiyo na kuweka mpya. Mjane wa Yosamu, Ronah, alisimama mlangoni. “Fundi, usifute. Wanasema bwana yangu hakuita mutu.”

“Futa!” bosi aliamuru. “Foleni safi, ofisi safi.”

Latif akafuta. Akaunganisha foleni mpya na maktaba ya programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, inayosifiwa kwamba haifanyi lolote bila kuagizwa. Jina la foleni hiyo na ufunguo wa kuingilia hakumpa mtu.

Mvua ikanguruma, umeme ukakatika, ofisi ikawa giza mchana. Kwenye kompyuta ya Latif ya betri, idadi ya ujumbe katika foleni mpya ilionyesha sifuri. Kisha moja.

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Injini ilinguruma, ikazimika. “Lori ya bwana yangu,” Ronah akasema. Mtu akasema taratibu:

“Bosi, huku kwa foleni mupya pia iko giza. Bado nangoja.”