Wimbo Uliokataa Vijumba

Kitendawili. Sema tega upesi, nisije nikakisahau. Mzee amevishwa shati lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, amegoma kutoka nje. Mzee huyo ni nani?

Hapana, mji usinipe bado. Nimeshapewa miji mingi na sina pa kuiweka. Keti kwanza twende Kisesa, nyumbani kwa Dorotea. Jibu liko huko.

Dorotea alikuwa mke wa Shimba, fundi redio na simu. Kila asubuhi aliuza uji wa ulezi na viazi vitamu stendi. Lakini watu walimjua zaidi kwa jambo jingine. Alikuwa ningi wa kikundi chao cha ngoma. Ningi ndiye anayetunga wimbo na kuuongoza uwanjani. Dorotea hakuandika nyimbo zake. Zilimjia akipepeta mchele. Ungo ukienda, wimbo unakwenda. Ungo ukisimama, wimbo nao unasimama, unapumua, halafu unarudi.

Mwaka huo alikuwa na wimbo mpya kwa ajili ya mashindano ya ngoma ya Bujora, mwezi wa sita. Wachezaji walikuwa wametawanyika. Wengine walikaa Magu, wengine Mwanza mjini, na mazoezi ya pamoja yalikuwa Jumapili tu. Wakakubaliana wimbo urekodiwe, kila mtu atumiwe kwenye simu, ajifunzie kwake.

"Hilo niachieni mimi," Shimba alisema.

Alikuwa amenunua kompyuta mpakato iliyotumika, na ndani yake mlikuwa na programu ya kutengenezea muziki. Ukiifungua unaona mistari ya vijumba vidogo, kumi na sita kila mstari. Ukibonyeza kijumba, ngoma inalia hapo. Ukikiacha, kimya. Ukishapanga kipande chako unaiambia irudie, nayo inarudia mpaka uchoke wewe. Kwa programu hiyo Shimba alishatengeneza biti za matangazo ya maduka, na stendi nzima ilitingisha vichwa.

Mpiga ngoma mkuu wa kikundi alikuwa mzee Luhende, baba mdogo wa Dorotea. Alikuja kwa baiskeli kutoka kwake Bujora, ngoma imefungwa nyuma. Akapiga, Shimba akarekodi. Kisha Shimba akachagua kipande kimoja kitamu, akakinyoosha hadi kila pigo likakaa sawasawa kwenye kijumba chake, akakirudia mara arobaini.

"Sikiliza, baba," alisema, uso umejaa furaha.

Mzee Luhende akasikiliza, kichwa kimeinama. "Anayepiga hapo ni nani?"

"Ni wewe, baba."

Mzee akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. "Mikono yangu hii hapa. Huyo ni mtu anatwanga mihogo."

Dorotea alicheka, lakini mzee hakucheka.

Ikafika zamu ya Dorotea kuimba juu ya ngoma ile. Akaanza vizuri. Akafika mahali ambapo siku zote husimama, akaiachia ngoma ijibu. Programu haikusimama. Ilimpita kama basi la Musoma.

"Mama Winnie, unatoka nje ya mdundo," Shimba alimwambia mkewe.

"Natoka niende wapi? Wimbo ni wangu."

"Hesabu basi. Moja, mbili, tatu, nne."

"Ungo wangu haujasoma hesabu."

Walirudia mara kumi na moja. Sauti ya Dorotea ikakauka, akaanza kujiona hajui kuimba. Mzee Luhende akainuka, akafunga ngoma yake kwenye baiskeli. Dorotea akamfuata hadi njiani.

"Baba, siku ya Bujora utakuja kutupigia?"

Mzee alikaza kamba. Akapanda baiskeli, akaenda zake bila kujibu.

Siku zile zilizofuata Dorotea aliunguza uji mara mbili. Hakuna mwingine kikundini aliyejua kuuvuta mdundo na kuulegeza kama mzee yule. Na wapinzani walikuwa wanangoja. Kikundi chao kilikuwa cha Bagalu, wapinzani wao wa jadi ni Bagika, na hao ukiwaingilia uwanjani na ngoma dhaifu hawakupigi. Wanakuimba. Wimbo wa kumcheka mtu ukishatungwa Usukumani, unakaa mpaka pamba nyingine ivunwe.

Jumatatu jioni jirani yao aliita mlangoni. Aliitwa Jovina, mwenyeji wa Bukoba, na kazi yake ilikuwa kurekodi wanamuziki katika studio moja ndogo pale Mirongo, Mwanza mjini.

"Hodi humu. Jamani, ukuta wetu ni mmoja. Wiki nzima nasikia ngoma ileile inarudia na watu wanabishana. Ni wimbo au ni kesi?"

"Ni kesi," Dorotea alisema. "Karibu, hakimu, kiti hicho."

Shimba akaeleza yote. Mwisho akasema, "Nadhani programu yangu ni ndogo. Nataka ile kubwa wanayotumia maprodyuza wa Dar. Kuna jamaa atanipa iliyovunjwa kufuli, bure."

"Hiyo mwachie mwenyewe, shemeji. Programu ya wizi mara nyingi huja na virusi, ukaja kupoteza hata biti zako. Na ukubwa si dawa. Kwanza kila mmoja anijibu. Wimbo wako huanzia wapi?"

"Kwenye mdundo," Shimba alijibu. "Natafuta kipande kimoja, nakirudia, naongeza kingine juu yake."

"Na wewe, dada?"

Dorotea aliona haya. "Mimi? Kwenye ungo."

"Ulete."

Dorotea alidhani anataniwa, lakini Jovina alikuwa amekwisha fumba macho, anangoja. Basi akaleta ungo, akapepeta, akaimba wimbo wote toka mwanzo hadi mwisho. Kidole cha Jovina kilicheza juu ya goti. Dorotea aliposimama, kidole nacho kilisimama.

"Nimeelewa," Jovina alisema. "Hapa hakuna asiyejua. Shemeji anajenga kwa tofali. Dada anafinyanga chungu. Wewe shemeji umempa mfinyanzi kibao cha kufyatulia tofali, halafu unamlaumu kwamba chungu kina kona."

Dorotea akapiga makofi. "Mwambie tena."

"Nimesikia," Shimba alisema. "Kwa hiyo programu yangu mbaya?"

"Nzuri sana, kwa kazi yako. Siku hizi programu nyingi zinaweza karibu kila kitu. Tofauti ni mlango. Ukiifungua, inakukaribishaje? Yako inakupa vijumba, inakuuliza mdundo wako ni upi. Kuna nyingine inakupa utepe mrefu mtupu na kitufe chekundu, inakuuliza nani anaimba. Hiyo inamfaa anayeimba au kupiga wimbo mzima bila kukatwa. Sauti inakaa kwenye mstari wake, ngoma kwenye mstari wake chini. Zipo pia za watu wa jukwaani. Vipande vyako vinakaa mbele yako kama mabakuli ya mboga, unachota hiki, unaacha kile, huku watu wanacheza."

"Sasa mimi nitajuaje ya kwangu?" Dorotea aliuliza, mikono yake bado imeshika ungo.

"Kwa kuonja. Nyingi zinaruhusu kujaribiwa bila malipo. Unaichukua kwenye tovuti ya wenyewe, si kwa jamaa. Ila soma masharti. Nyingine zina kikomo cha siku. Nyingine ukishaifunga, kazi uliyohifadhi huwezi kuifungua tena mpaka uinunue. Angalia pia kama kompyuta yako ina nguvu za kuibeba. Halafu chukua wimbo mmoja mfupi, uufanye kwenye programu mbili. Ile itakayokusahaulisha kwamba kuna kompyuta mbele yako, ndiyo yako."

Hawakungoja kesho. Walitafuta programu moja ya utepe, wakahakikisha kompyuta inaimudu, wakaipakua. Shimba alijaribu wa kwanza. Aliinamia kioo kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Vijumba viko wapi humu?"

"Huoni?" Jovina alicheka. "Wewe mlango wako ni ule mwingine. Mpishe mwenzio."

Dorotea akavaa hedifoni. Jovina akazima ule mlio wa tik-tik wa kuhesabia. "Huu si sheria, dada. Ni kitufe tu. Hata kule kunyoosha mapigo ni kitufe, na usipokibonyeza hakuna atakayekushtaki."

Dorotea akafumba macho, mikono ikapepeta hewa. Aliimba. Mahali pa ngoma alinyamaza, akaisikiliza ngoma ya mzee Luhende kichwani mwake mpaka iishe, ndipo akaendelea. Alipomaliza akafumbua macho.

"Haya, tuanze."

"Tumemaliza," Jovina alisema.

Wakasikiliza. Dorotea alishika mdomo. Ulikuwa wimbo wake, na pumzi zake zote zimo.

"Kumbe sikuwa naimba vibaya. Wimbo ulivishwa shati la mtu mwingine."

"Na fundi cherehani ni mimi," Shimba alisema polepole. "Nisamehe, Mama Winnie."

Umesikia? Jibu lako ndilo hilo. Mzee aliyegoma kutoka nje ni wimbo. Lakini kule Bujora kulikuwa na mzee mwingine aliyegoma, na huyo alitaka kufuatwa.

Kesho yake alfajiri Dorotea na Shimba wakaenda.

"Mwangaluka, baba," Dorotea aliamkia kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba. Mmeniletea tena yule anayetwanga?"

"Leo hayumo. Sikiliza tu."

Wakaweka kompyuta juu ya kigoda, wakamvisha hedifoni. Mzee alisikiliza, uso umekaza. Ikafika nafasi ya kwanza ya kimya. Vidole vyake vikaanza kugonga goti. Viligonga, vikavuta, vikalegeza, vikamaliza. Na palepale vilipomaliza, sauti ya Dorotea ikaingia.

Mzee akashtuka. "Hapa pote umeniachia mimi?"

"Pote, baba."

"Umejuaje mimi natumia muda kiasi gani?"

"Nimeimba na mikono yako miaka tisa."

Mzee akainuka. Aliingia ndani, akatoka na ngoma. Shimba akafungua mstari mpya chini ya ule wa sauti, akabonyeza kitufe chekundu, kisha akaweka mikono yake mgongoni isije ikamshawishi. Hakukata. Hakunyoosha. Hata pale mzee alipokohoa, aliacha.

Wimbo ukatumwa kwenye simu siku hiyohiyo. Shimba akarudi kwenye vijumba vyake kwa furaha mpya. Kwa ruhusa ya mzee, waliitoa ngoma ile kama faili la kawaida la sauti, wakalihamishia kwenye programu ya Shimba, naye akatengeneza tangazo fupi la kuwaita watu wa Kisesa waje kushangilia. Programu mbili, nyumba moja, na ugomvi haukusikika tena ukutani kwa Jovina.

Jumapili iliyofuata wachezaji walifika mazoezini wimbo ukiwa mdomoni. Kwa kawaida walitumia siku nzima kufundishana maneno. Safari hii waliitikia mara ya kwanza tu, wote, wa Magu na wa mjini. Pius wa Mwanza, msahaulifu kuliko wote, aliitikia mpaka na kikohozi. Alidhani ni sehemu ya wimbo. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Katikati ya kicheko hicho mzee Luhende akatokea, anakokota baiskeli. Akasimama pembeni. Ngoma ilikuwa bado imefungwa nyuma.

Dorotea akamwendea, jasho likimtoka. "Baba, niliuliza swali, ukaondoka nalo. Siku ya Bujora utakuja kutupigia?"

Mzee aliegemeza baiskeli, akaanza kufungua kamba, fundo moja baada ya jingine.

"Bujora siji," alisema. "Mimi ndiko ninakokaa. Njooni ninyi, na mje mapema. Mtanikuta nimeshaipasha ngoma moto."