Mama Hakuniombea Njia

Nilirudi kuchukua kofia. Kofia tu, jamani! Bi Renata, mgeni wetu kutoka mji mkuu, alisema ameisahau juu ya ngazi za magofu ya Wamaya, na jua lilikuwa linakwenda zake. Nikawaambia wageni wakae garini wanywe maji, narudi sasa hivi. Njia ile naijua kama kiganja changu. Ardhi yenyewe ni ya ukoo wetu tangu babu analima mahindi huko.

Sijafika hata katikati ya msitu, nikasikia mluzi.

Fyuuu...

Nikadhani ndege. Kisha kijiwe kikanigonga kisogoni. Kidogo, cha kurushwa na mkono mdogo.

Nilijua ni nani.

Babu alifinyanga alushi, kibwengo wa udongo, kimo chake hadi gotini, akamlisha damu ya kidole chake ili alinde shamba na magofu. Babu alipofariki, mama yangu, Eusebia, akaishika kazi hiyo. Kila wageni wakija, huleta kibuyu cha uji mweupe wa mahindi, akaumwaga chini ya ngazi na kuwaombea njia kwa alushi. Mimi haniombei. Mtu wa nyumbani haombewi njia kwao.

Asubuhi ile alikuja pekupeku, vazi lake limekolea moshi wa jiko, akaanza kunong'ona kwa Kimaya. Bi Renata akanigusa bega. Yeye ndiye angeamua kama kampuni yao ya utalii itaniletea wageni mwaka mzima, na mimi tangu tutoke mjini nilikuwa najitia mtu wa jiji la Mérida, mtoto wa mwalimu.

"Wilberth, na huyu bibi naye ni sehemu ya maonyesho?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Mungu wangu, nilicheka.

"Simjui," nikasema. "Ni mwanamke tu wa hapa."

Mama anakielewa Kihispania. Mkono wake ulisita, uji ukammwagikia vidole vya miguu. Kisha akamaliza dua yake bila kunitazama. Afadhali angenitukana mbele ya watu, walahi, ningejua pa kuweka uso wangu.

Sasa msitu mzima ulinuka uji uliochacha.

Nikaupita msufi mkubwa. Nikatembea. Nikaupita tena. Taa za gari naziona, vicheko vya wageni navisikia, lakini kila nikivifuata... msufi uleule mbele yangu. Wao walipita njia hii mchana kutwa na hakuna aliyejikwaa. Mama alikuwa amewaombea.

"Nani wewe?"

Sauti ya mtoto, kwa Kimaya, karibu na goti langu. Sikuthubutu kutazama chini.

"Wilberth," nikanong'ona. "Wa nyumbani."

"Nyumba ya nani?"

"Ya Eusebia."

"Si ulisema humjui?"

Nikaanza kulia kama mtoto. Nikaomba radhi, nikasema nilikuwa natania, ulimi hauna mfupa. Kitu chenye unyevu, baridi, kikanishika kidole kidogo na kukiminya.

"Haya, pita. Lakini utapita kama ulivyosema."

Msufi haukuwapo tena. Nilikuwa nimesimama kando ya gari, na Bi Renata anapunga kofia dirishani.

"Wewe naye! Ilikuwa mkobani mwangu muda wote."

Nikawafikisha mjini, sijui niliendeshaje. Kisha nikakimbilia nyumbani, nimeazimia kupiga magoti. Dada yangu Addy alikuwa jikoni anachoma mikate ya mahindi.

"Umechelewa wapi, bwana mkubwa wa Mérida?" akanitania. Habari zilikuwa zimeshamfikia. "Mama yuko ndani. Leo utauonja ulimi wake!"

Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha wavu. Nikapiga magoti. Akanitazama kwa upole, upole ule anaowapa wauza chumvi wanaobisha hodi.

"Addy," akaita, "kuna mtu huku."

"Mama, si Wilberth huyo?"

"Simjui. Ni mwanamume tu wa hapa."

Addy akacheka. Kisha akaona uso wa mama, akaacha. Nami nikaona sakafu ya udongo. Nyayo ndogo, mbichi, zilitoka mlangoni zikaishia chini ya kitanda. Hakuna zilizorudi.

Addy anasema mama ananiadhibu, hasira zitaisha. Daktari anasema ni uzee. Uzee gani huo? Anawajua kuku wake wote, anajua madeni ya jirani, anajua alizaa wasichana na mvulana mmoja. Ukimuuliza mvulana yuko wapi, anasema ametoka na wageni, atarudi.

Kampuni ilinikubali. Kila asubuhi napeleka watu magofuni, na mama yuko pale pekupeku na kibuyu chake. Siku hizi nawaambia wote, kwa sauti, kwamba huyu ni mama yangu. Wageni hunitazama, humtazama yeye, naye hutabasamu kwa haya kama aliyesifiwa asivyostahili.

Kisha humwaga uji na kuwaombea njia. Akimaliza, hunitupia jicho na kuongeza:

"Na huyu mgeni naye, mpitishe salama. Masikini, huenda ana mama anamngoja mahali."